Kodi ileile ya gitaa, sehemu tatu: kugeuza C kwenye nyuzi nyembamba

Gitaa la ridhimu likishika C ya chini na mpiga mi-solo (gitaa lililo kati ya ridhimu na solo) naye akaishika hapohapo, sauti zinafunikana. Katika rumba ya Kongo mi-solo hupanda shingoni: kodi (noti zinazolia pamoja) ni ileile, noti ndizo zimebadilishana nafasi.

C meja ni do-mi-so, yaani C, E, G. Tunatumia uzi wa 3, wa 2 na wa 1 (mwembamba kabisa). Namba ni za freti (vyuma vilivyokatiza shingo), kwa mpangilio huo.

1. 5-5-3: do-mi-so. Kidole cha pete uzi wa 3, cha mwisho wa 2, cha shahada wa 1.
2. 9-8-8: mi-so-do. Shahada ilalie uzi wa 2 na wa 1, cha kati kibonyeze wa 3.
3. 12-13-12: so-do-mi. Shahada, pete, kati. Ni umbo la D uliyoizoea, limepanda freti 10.

Kila ukishika, taja do iko uzi gani: wa 3, wa 1, wa 2. Asiyejua do ilipo atakwama wimbo ukibadilishwa ki, yaani do ikihamia noti nyingine.

4. Sasa zungusha: C 5-5-3, F 5-6-5, C, G 4-3-3. Ukienda F, noti ya uzi wa 3 haihami. Ukienda G, ya uzi wa 1 haihami. Metronomu (kipima mapigo) 60, mapigo manne kila kodi.

Uzi wa 4 ukilia, D inachafua kodi. Ncha ya kidole kilicho uzi wa 3 iuguse kidogo ili unyamaze.

Maswali

*Mwalimu, nimehamishia 5-5-3 kwenye nyuzi za 4, 3 na 2, mbona hailii C?*
Hapo umepata G, C, D. Uzi wa 3 na wa 2 zimeachana freti 4, zile nyingine zote 5, kwa hiyo umbo lazima libadilike. Do-mi-so ya nyuzi hizo ni 10-9-8.

*C maina je?*
Shusha mi freti moja, popote ilipo: 5-4-3, 8-8-8, 12-13-11.

*Nikifika freti ya 12 kodi inapanda sauti, na gitaa nimeshalityuni.*
Kwanza legeza mkono. Kubonyeza kwa nguvu kunavuta uzi. Bado? Linganisha uzi huru (usiobonyezwa) na freti yake ya 12. Kama ya 12 iko juu na gitaa ni la umeme, rudisha nyuma kitako cha uzi huo kwenye daraja, kidogokidogo, ukityuni upya kila mara.