Slebu inchi ngapi? Hesabu ya haraka kabla hujamwona injinia

Fundi yeyote huku Mombasa ukimuuliza slebu ya ghorofa yataka unene gani atakwambia inchi sita, hajapima chumba, hajauliza nyumba iko wapi. Mara nyingi hupatia, ila kwa kubahatisha, basi hebu tuifanye wenyewe, kalkuleta ya simu yatosha.

Shika chumba cha mita 3.6 kwa 4.5. Gawanya mrefu kwa mfupi, hapa yaja 1.25, na madhali haijapita 2 slebu yabeba njia zote mbili, ikipita basi yabeba njia fupi tu na vyuma vikuu vyalala huko huko. Vyovyote iwavyo unene watoka kwa upande mfupi, si mrefu, hapa wengi huchanganya. Chukua hizo milimita 3600 ugawe kwa 20 kama slebu imekalia ncha mbili na haiendelei popote, kwa 24 kama ncha moja yaendelea chumba cha pili, kwa 28 kama zote mbili zaendelea. Namba hizi ni za slebu ya njia moja, ya njia mbili itabaki na akiba kidogo, si mbaya. Chumba cha kona, ncha moja yaendelea, basi gawa kwa 24, yaja 150. Ndo hiyo inchi sita ya fundi.

Sasa bahari. Slebu haihesabiwi unene wote, yahesabiwa toka uso wa juu mpaka katikati ya chuma cha chini. Ndani ya nyumba, kwa slebu ya 150, na kava (yani zege inayofunika chuma) ya milimita 25 na chuma cha 10 wabaki na 120. Slebu iliyo wazi kwa upepo wa chumvi, tuseme Nyali au Likoni ufuoni, mimi kava siweki chini ya 40, na hapo zabaki 105, yani milimita 15 zimeliwa na kava, basi zirudishe, 165, fanya 175 uwe na amani. Na biskuti, vile vibao vya kuinulia chuma, ziwe za 40 kweli, si vipande vya kokoto.

Lakini usinenepeshe ovyo. Slebu ya 150 ina kilo kama 375 kila mita mraba, wakati watu na fanicha za nyumbani huhesabiwa kama 150 tu, na hizo milimita 25 za ziada kwa chumba chetu ni tani nzima yashukia bimu na msingi.

Roshani iliyoning'inia gawa kwa 10: mita 1.2 yaja 120, na kava ya chumvi fanya 150. Huku chuma kikuu chalala JUU, na siku ya kumwaga vijana na mikokoteni watakikanyaga, kikizama milimita 30 ile 105, ambayo huku yapimwa toka uso wa chini, yawa 75, zaidi ya robo imekwenda na kwa macho huoni kitu, kwa hivyo simama hapo mwenyewe.

Tangi la lita 5,000 juu ya paa ni tani tano mahali pamoja, hilo haliingii kwenye kugawa huku kabisa, mwambie injinia mapema akuwekee bimu chini yake.