Ushauri wa bustani kwenye simu: jua kwanza aliyeusema anapanda wapi

Hapa Zanzibar, mwenye kibustani cha uani Fuoni au Wete anaweza leo kufungua simu akamwona mkulima wa Arusha akipandikiza tungule (nyanya), mtaalamu wa India akipogoa asmini, na picha ya karibu kila mdudu anayekula mboga. Mengi ya hayo ni bure, na mengi ni mazuri. Lakini kila aliyeandika au kurekodi alikuwa na udongo wake, mvua yake na jua lake, na aghalabu hasemi. Kwa hivyo kabla hujafuata ushauri wowote, uliza: huyu anapanda wapi?

Chukua habari ya chokaa. Kurasa nyingi za bustani, za nje na hata za Tanzania Bara, zinamwambia mkulima anyunyize chokaa au jivu ili kupunguza uchachu wa udongo. Kwa udongo mchachu wa nyanda zenye mvua nyingi, ushauri huo ni sahihi. Ukiupeleka Makunduchi, Jambiani au Micheweni, kwenye ardhi ya uwanda na maweni iliyotokana na matumbawe, unatia chokaa juu ya chokaa. Chokaa ikizidi, mmea hushindwa kufyonza madini ya chuma hata kama yamo ardhini, na majani machanga ya juu hugeuka njano huku vishipa vyake vikibaki kijani. Hapo ndipo watu hupotea mara ya pili, kwa sababu ukitafuta "majani ya njano" jibu la haraka litakuwa upungufu wa naitrojeni, tia urea. Upungufu wa naitrojeni huanzia majani ya chini, yale yaliyokomaa, na njano yake huenea jani zima. Tazama kwanza njano imeanzia juu au chini.

Kujua kama udongo wako una chokaa hakuhitaji maabara. Weka udongo mkavu kwenye kisahani, mimina siki kidogo, usikilize na utazame. Ukitoa povu, chokaa imo, na ukurasa wowote unaokwambia uongeze nyingine haukuandikwa kwa ajili yako. Ardhi ya namna hiyo inataka samadi iliyooza na mboji kila msimu, tena kwa wingi.

Kwa mtu wa uwanda nina pendekezo linaloweza kumshangaza. Kurasa za ugani za Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, zinazohusu eneo la Miami, zinaweza kumfaa kuliko makala nzuri iliyoandikwa Iringa. Kusini mwa Florida nako watu hulima juu ya mawe ya chokaa, kwenye joto na unyevu wa bahari, na wataalamu wao wameandika kwa kina juu ya tatizo hilo la chuma. Ni za Kiingereza, lakini simu nyingi sasa zinatafsiri, na kijana wa skuli nyumbani anaweza kusaidia. Chukua kwao habari za udongo. Kalenda yao waachie wenyewe.

Kalenda, kwa kweli, ndiyo inayoharibu bustani nyingi. Kurasa za Marekani hugawa nchi kwa kanda zenye namba, na namba hizo hupima baridi kali ya majira yao inafika wapi. Hapa hakuna barafu ya kuua mche, basi namba hizo hazikusaidii kitu. Wakikwambia uoteshe Machi ndani ya nyumba, wanakimbia baridi. Sisi Machi tunaingia masika. Wakikwambia mche uwekwe juani kutwa, wanazungumzia jua lao la pembeni. Kitalu chetu kinahitaji kivuli cha makuti mpaka miche ishike nguvu.

Tungule ndiyo inayoonyesha jambo hili vizuri zaidi. Usiku ukiwa na joto la nyuzi 24 au zaidi, maua mengi hupukutika bila kushika tunda, na usiku wa kaskazi ndivyo ulivyo hapa kwetu. Panga miche iingie shambani masika yanapomalizika, ili maua yaangukie miezi ya kipupwe, Juni mpaka Agosti. Mbegu za Tanya na Tengeru 97, zilizotolewa mwaka 1997 kutokana na kazi ya utafiti wa mboga iliyofanyika Arusha, zina maelezo mengi mtandaoni, na mtu anayeanza atapata pa kushika.

Kitunguu nacho kina siri yake. Aina nyingi zinazosifiwa kwenye kurasa za Ulaya hazifungi kitunguu mpaka urefu wa mchana ufike saa 14 au zaidi. Mchana wetu haufiki hata saa 13. Utapata majani mazuri tu, na hakuna mbolea itakayobadilisha hilo. Tafuta aina za mchana mfupi, mfano Red Creole au Bombay Red.

Kwa wapenda maua, mashariki ndiko kwenye faida. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Tamil Nadu, India, kimeweka wazi maelezo marefu ya asmini kama zao la biashara: kupogoa, mbolea, funza wa vichomozo vya maua. Asmini huchanua kwenye matawi mapya, kwa hivyo anayeogopa kuikata anajinyima maua. Pogoa, tia samadi, mwagilia. Anayeuza vikuba vya asmini ataiona tofauti. Kilua na mkadi ni habari nyingine. Huko mtandao una machache, na bibi aliyeko mtaani kwako anajua zaidi.

Kwa Kiswahili anza na jarida la Mkulima Mbunifu, linalofundisha kilimo hai, na video za Access Agriculture ambazo baadhi zimetiwa sauti ya Kiswahili na unaweza kuzipakua ukazitazama bila bando. Kwa anayepanda kisamvu, programu ya Nuru ya PlantVillage inatambua maradhi ya muhogo kwa kamera, inazungumza Kiswahili na hufanya kazi bila mtandao. Usiipeleke kwenye waridi. Ukitafuta mwenyewe, andika "nyanya" badala ya "tungule", na ukiweza ongeza jina la kisayansi: Jasminum sambac kwa asmini, Amaranthus kwa mchicha, Abelmoschus esculentus kwa bamia. Jina hilo ni moja dunia nzima.

Tazama pia tarehe. Kantangaze, kiwavi anayechimba majani na matunda ya nyanya, aliripotiwa Tanzania mwaka 2014, kwa hivyo mwongozo wa nyanya wa hapa nchini ulioandikwa kabla yake haumjui adui mkubwa wa zao hilo. Kurasa kongwe bado zinataja endosulfan, sumu iliyowekwa mwaka 2011 kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm ya sumu za kuondolewa duniani. Video ya muuza dawa isiyotaja siku za kusubiri kati ya kunyunyiza na kuvuna, iache. Mchicha unavunwa baada ya wiki tatu au nne, na wanaoula ni watoto wako.

Pale simu inaposhindwa, itumie kumfikia bwana shamba au bibi shamba wa shehia yako, lakini mpelekee kitu cha kumsaidia. Picha moja ya jani lililokauka haitoshi. Piga mche mzima ukiwa ardhini, jani juu na chini, kisha ng'oa mche mmoja ulioathirika upige mizizi. Kata shina la tungule iliyonyauka ulisimamishe kwenye gilasi ya maji safi. Likitoa uzi mweupe unaoteremka, huo ni mnyauko wa bakteria, na hakuna dawa ya kunyunyiza itakayouponya. Mwandikie ulipanda lini, ulipanda nini hapo msimu uliopita, umenyunyiza nini, na kama maji ya kisima chako yana chumvi.