Wahandisi wa kusini mlioko Uingereza: angalieni mwaka baada ya nukta mbili

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi mlioko huku Uingereza, hasa nyie mnaofanya kazi za ujenzi na umeme, kuna mtego unawanasa watu wetu na wengi wananyamaza kwa aibu. Mimi umeninasa na umenitoa kazini, kwa hiyo nauandika wazi. Ni toleo la standadi, yaani mwaka wa kile kitabu cha viwango vya kazi unachotumia, ule unaoandikwa baada ya nukta mbili. Mambo ya viza, CV na kutambuliwa na vyama vya wahandisi mnayajua, sitayarudia.

Nilikuwa nimechukuliwa kupitia ejensi na kampuni moja ya konsaltanti, kazi ilikuwa ukuta wa zege karibu na bahari. Siku ya kwanza nikaonyeshwa folda kwenye seva nikaambiwa standadi zote zimo humo, tumia hizo. Humo ndani kulikuwa na BS 8500-1:2015 yenye marekebisho ya 2019, ndo standadi ya kuchagua aina ya zege huku. Spesifikesheni ya mteja, yaani maelezo ya kazi anayoitaka, imeandika BS 8500-1 basi, hakuna mwaka. Nikapiga kazi, mahesabu yakapita kwa wakubwa wawili wakasaini, yalipofika kwa mteja yakarudi yote kwa sababu toleo la 2023 lilishatoka na ndo lililotakiwa. Alafu kampuni ikaandika kwamba kuhakiki toleo ni jukumu la aliyefanya mahesabu, masaa ya kurudia hayalipwi, na mkataba ulipoisha hawakuongeza. Wale wawili waliosaini bado wapo ofisini.

Sasa shikeni hapa, na nitarudia tena mbele. Fungua standadi ya BSI, shirika la viwango la Uingereza, pale mwanzo kwenye rejea, kuna sentensi kila mtu anairuka. Inasema rejea ikiwa na mwaka, linatumika toleo hilo tu, na rejea isipokuwa na mwaka, linatumika toleo la mwisho pamoja na marekebisho yake yote. Ukiona BS EN 1992-1-1:2004+A1:2014, ile 2004 ni mwaka wa toleo na ile A1:2014 ni marekebisho, ukiwa na PDF ya 2004 peke yake huna standadi kamili. Na ukiona namba tupu bila nukta mbili, ujue umeambiwa ukatafute ya mwisho, hata kama folda ya ofisi inasema vingine.

Lakini msije mkakimbilia kusema basi mpya ndo sahihi siku zote, huo nao ni mtego. Yurokodi ya zege, ile BS EN 1992-1-1 ya hapo juu ambayo ni ya Ulaya nzima, ina toleo jipya la 2023, lile la kwanza bado linatumika mpaka yatakapoondolewa matoleo yote ya kizazi cha kwanza tarehe 30 Machi 2028. Mkataba ukitaja la zamani kwa mwaka wake na wewe ukapiga kwa jipya, kazi inarudi vilevile. Na mkataba usipotaja mwaka wakati matoleo mawili yako hai, usibahatishe, uliza kwa emeli, kwa maandishi, tena weka kopi kwako. Nasema kwa maandishi! Bosi akikujibu kwenye korido kwamba ile ya folda iko sawa, rudi kwenye kiti umwandikie: kama tulivyoongea, natumia toleo fulani la mwaka fulani. Dakika mbili tu. Mimi ningekuwa na karatasi hiyo, yale masaa wangeyalipa.

Kuna na Kiambatisho cha Taifa, kijitabu cha pembeni ambamo kila nchi inaweka namba zake za kutumia na Yurokodi. Sisi tulifundishwa nyumbani kwa BS 8110, standadi ya zamani ya zege ya Uingereza, ambayo huku waliiondoa Machi 2010, kwa hiyo wengi tukifika tunanunua Yurokodi tunaona tumemaliza. Hujamaliza. Kwa mfano ile namba ya kupunguza nguvu ya zege kwenye Yurokodi ya 2004 inapendekezwa 1.0, lakini kiambatisho cha Uingereza kinataka 0.85 kwa mkunjo na mzigo wa kwenye mhimili wa nguzo. Asilimia 15 ya nguvu imeondoka, na kwenye kitabu kikuu huioni.

Mafundi umeme na nyie msijione mmepona. BS 7671, standadi ya kufunga umeme, toleo la 18 ni la 2018, lile lenye marekebisho ya 2022 likaja na jalada la kahawia, watu wanatembea nalo kwapani wakijiamini, kumbe marekebisho ya 2024 yalitoka peke yake kama PDF ya bure na kwenye kile kitabu cha kahawia hayamo. Leseni ya EWURA ya nyumbani haikusaidii hapo.

Mambo ya moto ndo usiseme. Baada ya Grenfell, ile ghorofa ya London iliyoungua 2017 wakafa watu 72, sheria zinabadilika kila mara. Mwongozo wa moto wa England umeshaacha yale madaraja ya BS 476, standadi ya zamani ya kupima moto, ya jinsi vifaa vinavyoshika moto tangu tarehe 2 Machi 2025, na yale ya ukinzani wa moto yanatoka Septemba 2029. Miongozo hiyo ya serikali ni bure mtandaoni, isome yenyewe, usisome muhtasari wa mtu.

Niseme na la moyoni kuhusu hawa wenyeji wetu. Mwingereza hagombi. Site ya Mtwara msimamizi akikuta ringi za nondo zimeachana sana anakufokea hapohapo, unafungua, unafunga upya, mchana mnakula ugali pamoja. Huku wanatabasamu, wanakuuliza wikiendi ilikuwaje, na barua iko njiani. Kingine ni hizo bei. Nchi inaegemeza usalama wa watu kwenye standadi alafu standadi moja unauziwa mamia ya pauni, mimi naona ni dhuluma kwa mgeni anayeanza. Ulizeni maktaba ya umma ya mji wenu, baadhi zinakupa kusoma standadi za BSI kwa kadi ya maktaba. Kwenye tovuti ya BSI kuangalia kama standadi inatumika au imeondolewa ni bure, na unaweza kuwaambia wakutumie emeli ikibadilika. Rasimu za standadi zinazokuja pia unasoma bure na kutoa maoni.

Sasa nyie wa nyumbani, wadogo zetu wa chuo, nawapenda lakini ile ya "kaka nitumie PDF ya kazini" hapana. Kopi hizo zina jina la mwenye leseni kila ukurasa, zikionekana kwenye grupu la Masasi mtu anafukuzwa kazi. Na wewe mjomba unayeniambia zege ni zege, nikuchoree nyumba ya Shangani hapo Mtwara kwa vipimo vya Ulaya, sikiliza kwa upole. Ramani ya upepo ya huku ni ya kisiwa hiki, haijui kimbunga Kenneth kilichopiga ng'ambo ya Ruvuma 2019 wala Hidaya 2024. La chumvi ya hewani ndo la kuchukua: huku nyumba ya karibu na bahari hata isipoguswa na maji ina daraja lake, XS1, na zege la kufunika nondo linaongezwa. Nondo za Shangani na Mikindani zinavimba na kupasua nguzo kwa chumvi hiyohiyo. Lakini kiasi cha simenti na unene, mjomba, muulize mhandisi aliyesajiliwa ERB, na standadi ya simenti ni ya TBS.

Nyie wa huku, kesho mkifika ofisini fungueni spesifikesheni ya mradi mlionao, andikeni kila standadi iliyotajwa na mwaka wake, na isiyo na mwaka mtumie emeli kabla hamjapiga hesabu nyingine.