Unaenda Kenya Open, yale mashindano ya gofu ya Nairobi, mara ya kwanza? Soma hii kabla utoke nyumbani

Kwanza angalia mwaka huo inachezewa wapi, maana inahamahama kati ya klabu za Muthaiga na Karen, na kuna watu huwa wanaenda klabu isiyo yake wakianza safari upya kwenye jam. Na tiketi au kujiandikisha maliza kwa simu mapema, usitegemee geti. Gari pia achana nalo kama unaweza, kama ni Muthaiga matatu za Thika Road zinakuacha karibu tu.

Siku gani? Watu wengi hukimbilia Jumapili juu ndio kombe linatolewa. Mimi nakuambia nenda Alhamisi ama Ijumaa. Mashindano ni siku 4, mashimo 18 kila siku, na baada ya siku 2 kuna mchujo, wanabaki kama 65 hivi na waliofungana nao, na ukweli mchungu ni kwamba vijana wetu wengi hapo ndio safari huisha. Kwa hivyo kama unataka kushangilia akina Greg Snow na Njoroge Kibugu, usingoje wikendi utawakosa. Tangu ianze 1967 hakuna Mkenya ameishinda bado, lakini Seve Ballesteros aliichukua 1978 na Ian Woosnam 1986, na wote wakaja kutamba duniani, so usidharau huyo kijana humjui jina, na tangu 2019 iko kwa ziara kuu ya Ulaya, yaani mfululizo wa mashindano yao ya juu, kwa hivyo wanaokuja si wa kubahatisha.

Sasa kosa la kila mgeni: kukimbizana na kikundi kimoja kuanzia shimo la 1 mpaka la 18. Hiyo ni karibu masaa 5 kwa miguu, vilima na jua la Nairobi juu yako, saa sita utakuwa umeketi kwa hema la vinywaji na hautatoka tena. Fanya hivi. Fika asubuhi, anzia pale wanapofanyia mazoezi, hapo ndio unaona mtu akipiga mpira mmoja baada ya mwingine hatua chache tu kutoka kwako na unasikia ule mlio, TV haina huo mlio kabisa. Halafu tafuta shimo fupi, lile la kupigwa mara 3, ukae nyuma ya grini, ile nyasi fupi penye shimo, kama saa moja, vikundi kadhaa vitapita mbele yako wewe umetulia tu. Ukishazoea ndio uchague kikundi kimoja ukifuate mashimo manne matano, na utangulie mbele kidogo, usitembee nyuma yao utaona migongo tu.

Alama ni rahisi, ya kutoa ndio nzuri, maana yake amepiga mara chache kuliko inavyotarajiwa. Mtu akiwa -8 anamshinda wa -5, kwisha.

Simu weka kimya, kimya kabisa, hata vaibresheni zima. Yangu mwaka mmoja ililia jamaa akiwa ameinama anataka kuingiza mpira shimoni, akasimama wima, akangoja, kedi wake, yule wa kumbebea vijiti, akanigeukia bila kusema kitu, na watu kama hamsini nao wakageuka. Nilitamani kuingia kwa hilo shimo mimi. Mashali, yaani msimamizi wa watazamaji, akiinua mkono hata kutembea acha, ata kama uko mbali. Na ukisikia mtu amepiga kelele "foo!", yaani mpira unakuja upande wa watu, usiangalie juu kutafuta mpira, funika kichwa na mikono uiname, Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu na mpira hapa unapaa mbali kuliko wanavyozoea wengine.

Viatu flati, kofia, na koti jepesi la mvua, hali ya hewa haitabiriki. Ukiwa na mtoto mpeleke atokeapo mchezaji baada ya shimo la 18, glavu ama mpira huwa wanapeana, ila amngoje asaini kadi yake ya alama kwanza ndio aombe.