Kuweka injini ya dizeli ya 3L katika Hilux ya zamani ya petroli

Hilux nyingi za petroli zilizotengenezwa kati ya mwaka 1983 na 1997 hufika siku ambayo chesisi bado ni ngumu na bodi inavumilika, lakini injini imechoka kiasi kwamba mwenye gari hujiuliza kama fedha za kuifungua upya zisingefaa zaidi kununulia injini ya dizeli. Swali hilo lina jibu jepesi kwa gari hili kuliko kwa pikapu nyingi za umri wake, kwa sababu Toyota yenyewe ililitengeneza kwa namna zote mbili. Soma kibati cha chesisi: herufi RN zinaonyesha injini ya petroli ya jamii ya R, kama vile 22R, YN ni petroli ya jamii ya Y, na LN ni dizeli ya jamii ya L. Ukiwa na RN au YN, mtafute ndugu yake LN wa kizazi kilekile, kwani karibu kila kifaa kitakachokusumbua, kuanzia mikono ya kushikilia injini hadi tangi la mafuta, kilishatengenezwa kwa ajili ya huyo ndugu.

Maelezo haya yanahusu 3L, injini ya silinda nne yenye cc 2,779, isiyo na tabo wala kompyuta. Ni injini iliyozoeleka katika Hiace za abiria, na kwa hiyo vipuri vyake havimpi mtu shida Gerezani jijini Dar es Salaam wala Kirinyaga Road jijini Nairobi. Injini ya 2L, yenye cc 2,446, nayo inafaa, ila ina nguvu pungufu. 5L ya cc 2,986 ni bora kama mfuko unaruhusu. Sishauri 2L-T yenye tabo, kwa kuwa hedi yake ina sifa mbaya ya kupasuka injini inapochemka. Wala usitarajie mwendo. 3L hutoa kilowati zipatazo 67, ambazo hazizidi zile za 22R iliyo nzima. Unachopata ni ulaji mdogo wa mafuta, mvuto unaopatikana mapema, kwenye mizunguko kama 2,400 kwa dakika, na uvumilivu wa safari ndefu zenye mzigo.

Kabla ya kwenda sokoni, elewa kwamba injini yenyewe ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hii. Fedha na siku hupotelea kwenye vitu vinavyoizunguka. Kwa sababu hiyo, ukiweza kupata nusu ya mbele ya Hilux ya LN iliyokatwa, nunua hiyo, hata kama bei yake inaonekana kubwa kuliko ya injini tupu. Humo utapata giaboksi, klachi, altaneta, rejeta, waya na mikono ya injini kwa pamoja. Ukinunua injini iliyotoka kwenye Hiace, linganisha sampu (bakuli la oili chini ya injini) na mikono yake na ya Hilux kabla ya kulipa, kwa sababu injini hiyo ilikaa chini ya viti na haikutengenezewa nafasi ya boneti. Angalia pia kibati cha stata: unataka volti 12, wala si 24.

Dai risiti yenye namba ya injini na nakala ya hati za forodha. Namba hiyo imeandikwa kwenye kadi ya gari, na kwa Tanzania Bara mabadiliko yake yanapaswa kuingizwa katika usajili wa TRA baada ya gari kukaguliwa. Kenya, shughuli hiyo iko NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Mjulishe na mtoa bima, maana gari ambalo namba yake ya injini hailingani na kadi humweka mwenyewe pabaya siku ya ajali.

Injini inayouzwa ikiwa chini haiwezi kusikilizwa, lakini inaweza kupimwa. Toa hita plagi zote nne, zile zinazopasha joto silinda kabla ya kuwasha, funga geji ya kompresheni ya dizeli, kisha zungusha kwa stata na betri iliyojaa. Injini nzuri iliyopata moto huonyesha psi 455 au zaidi, kikomo cha chini kabisa ni 284, na tofauti kati ya silinda na silinda haipaswi kuzidi psi 71. Injini baridi itasoma chini kidogo, kwa hiyo zingatia zaidi usawa wa silinda kuliko ukubwa wa namba. Fungua kifuniko cha oili na utazame kama kuna utando unaofanana na maziwa, ambao ni dalili ya maji kuingia kwenye oili.

Ikiwa bado iko chini, badilisha taimingi belti na tenshena yake, pampu ya maji na sili ya nyuma ya krenki, hata kama muuzaji anaapa kwamba vyote ni vipya. Belti hiyo hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ikikatika valvu hugongana na pistoni.

Kutoa injini ya zamani ni kazi ya asubuhi moja. Tenganisha betri, mwaga maji, toa petroli yote tangini ukiwa mahali pa wazi pasipo na moto, kisha inua injini pamoja na giaboksi yake kwa winchi. Jambo moja usilisahau: wakati wa kufungua waya, weka alama kwenye waya uliokuwa ukipeleka umeme wa swichi kwenye koili, maana utauhitaji tena.

Usijaribu kulazimisha giaboksi ya petroli ikae nyuma ya 3L kwa kutumia bamba la kuchonga. Tumia giaboksi iliyokuja na dizeli, pamoja na flaiwili, sahani ya klachi na beringi ndogo inayokaa mwishoni mwa krenki, kwa sababu shafti ya giaboksi isipokaa sawasawa katika beringi hiyo klachi itang'ang'ania na gia zitapiga kelele tangu siku ya kwanza. Ning'iniza injini na giaboksi zikiwa zimeungana, zishushe mahali pake, halafu pima kabla ya kuchomelea chochote: sampu isiguse daraja la mbele gurudumu linapopanda, na feni iwe mbali na rejeta kwa sentimita mbili au zaidi. Mikono ya LN ikipatikana, tumia matundu yake. Pima pia urefu wa propela shafti, na ikibidi ikatwe, ipelekwe kwa fundi mwenye mashine ya kusawazisha. Dizeli ni nzito kuliko petroli, kwa hiyo gari linaloendeshwa na magurudumu mawili litainama mbele. Tosheni ba zake, yaani vyuma vya mbele vinavyofanya kazi ya springi, hukazwa mpaka kimo kirudi.

Sasa breki, ambazo mafundi wengi huzikumbuka gari likiwa tayari barabarani. Injini ya petroli hunyonya hewa kupitia kabureta, na mnyonyo huo ndio unaoendesha busta inayolainisha pedeli ya breki. Dizeli haizibi hewa yake kwa namna hiyo, kwa hiyo mnyonyo hauko. Toyota ilitatua tatizo hilo kwa kufunga pampu ndogo ya vakyumu mgongoni mwa altaneta ya dizeli, inayolainishwa kwa oili ya injini kupitia paipu moja na kuirudisha kwenye injini kupitia nyingine. Niliwahi kukabidhiwa gari ambalo fundi alikuwa amelifunga altaneta ya kawaida kwa sababu “inachaji vizuri”. Nililipeleka mita hamsini tu ndani ya ua, nikakanyaga pedeli iliyokuwa kama jiwe, na gari likasimama kwa msaada wa ukuta. Tumia altaneta yenye pampu. Tia oili kidogo ndani yake kabla ya kuwasha, hakikisha paipu ya kurudisha oili haijapinda wala kuziba, na uweke valvu ya upande mmoja kwenye hosi ya kwenda busta. Kuipima ni rahisi: injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara tano, ishikilie pedeli chini, kisha washa, pedeli inapaswa kuzama kidogo chini ya mguu.

Mafuta nayo yana mambo yake. Dizeli ndiyo inayolainisha sehemu za ndani za pampu ya mafuta ya injini, na petroli iliyobaki tangini huondoa ulainisho huo, kwa hiyo tangi lisafishwe na likaushwe kabisa, wala lisichomelewe na mtu asiyejua kuondoa mvuke. Injini hii hurudisha mafuta ya ziada tangini, basi lazima kuwe na njia mbili zisizobanwa, ya kwenda na ya kurudi. Filta iwe ile yenye pampu ya mkono juu na kichuja maji chini. Waya wa akseleta wa kabureta mara nyingi haufiki au huzidi. Mwombe mtu akanyage mpaka mwisho huku wewe ukitazama kama mkono wa pampu umefika kikomo chake na kama unarudi bila kusita.

Upande wa umeme, koili, distribyuta na plagi vinaondoka. Ule waya ulioutia alama ndio utakaofungua valvu ya kuzima mafuta iliyo kwenye pampu, ila uchukue kabla ya rezista ya koili, kama ipo, ili volti 12 zifike kamili wakati wa kupiga stata na baada yake. Hita plagi zinahitaji rilei yake, waya mnene na fyuzi kubwa ya kiasi cha ampea 80. Soma maandishi yaliyo kwenye plagi zenyewe, kwani zipo za volti 6 na za volti 12, na za volti 6 zikipewa umeme wa moja kwa moja bila kidhibiti chake huungua mara moja. Mgandamizo wa 3L ni zaidi ya mara 22, wakati wa 22R ni kama mara 9, kwa hiyo betri ndogo ya zamani haitatosha. Weka betri ya ukubwa wa N70, na waya wa hasi ufike kwenye injini na kwenye chesisi. Vihisio vya joto na vya oili viwe vile vinavyoendana na geji za dashibodi yako, la sivyo geji itakudanganya.

Rejeta ya LN ndiyo inayofaa, pamoja na kizingo chake cha feni. Ukibaki na ya petroli, injini itachemka mlimani, na hedi ndiyo italipa.

Kwa mwasho wa kwanza, ondoa waya wa valvu ya kuzima mafuta na uzungushe injini mpaka taa ya oili izimike. Urudishe waya, sukuma pampu ya mkono mpaka iwe ngumu, legeza nati za nozeli, zungusha hadi mafuta yatoke bila mapovu, kisha kaza. Usipeleke kiganja kwenye paipu inayovuja injini ikiwaka, kwa kuwa mafuta yenye shinikizo hupenya ngozi. Weka karibu kipande cha ubao cha kuziba mdomo wa hewa, kwa sababu dizeli iliyoshindikana kuzimwa haitasikia ukitoa ufunguo. Tumia ubao, kamwe si mkono.

Linabaki suala la difu. Kwa tairi yenye mzingo wa mita 2.2, gia ya tano yenye uwiano wa 0.85 na difu yenye uwiano wa 4.556, mizunguko 3,000 hukupa kama kilomita 102 kwa saa. Ukiweka difu ya 4.1, mizunguko hiyohiyo hukupa kama 114. Anayebeba mchanga asibadilishe. Anayesafiri barabara ndefu bila mzigo atafurahia ya pili. Baada ya kilomita 1,000 kaza upya bolti za mikono ya injini na za propela, badilisha oili na filta zote mbili, mwaga maji yaliyokusanyika kwenye kichuja, na uchungulie chini ya altaneta kama kuna oili iliyovuja.