Debian 12 haioni WiFi: kuiamsha kadi ya Broadcom BCM43142

Kadi hii imejaa kwenye laptopu za mtumba. Draiva huria ya `b43` haiiwezi. Inataka moduli (kipande cha programu cha kuendesha kadi) ya `wl`, ambayo haiji na kerneli, yaani kiini cha mfumo, bali hujengwa kwenye mashine yako. Kwa hiyo kusakinisha Debian upya ni kujichosha bure.

Hatua ya 1: Itambue kadi

`lspci -nnk -d 14e4:`

Tafuta `[14e4:4365]`. Ukikuta namba nyingine, usifuate mwongozo huu, maana si kila Broadcom hutumia `wl`. Ukiona `bcma-pci-bridge` imeandikwa kama draiva inayotumika, usidanganyike: imeishika kadi tu, WiFi haitatoka hapo.

Hatua ya 2: Pata intaneti

Chomeka simu kwa waya wa USB na uwashe kushiriki intaneti kwa USB. Debian huiona kama mtandao wa waya.

Hatua ya 3: Fungua hazina sahihi

Hazina ni mahali Debian hupakulia vifurushi vya programu, na hapa ndipo wengi hukwama. Kisakinishi cha Debian 12 huwasha `non-free-firmware` chenyewe, lakini kifurushi tunachokitaka kiko `non-free`. Kwenye `/etc/apt/sources.list` mstari uwe hivi:

`deb http://deb.debian.org/debian bookworm main contrib non-free non-free-firmware`

Kisha (kama huna sudo, ingia kwa `su -`):

`sudo apt update && sudo apt full-upgrade`

Washa mashine upya sasa, kabla ya kuendelea. `linux-headers-amd64`, ya hatua ijayo, huleta faili za kujengea moduli (headers) za kerneli mpya kabisa. Ukiwa bado unaendesha ya zamani, `modprobe` itakujibu `Module wl not found`.

Hatua ya 4: Sakinisha na upakie

`sudo apt install linux-headers-amd64 broadcom-sta-dkms`

`sudo modprobe -r b44 b43 b43legacy ssb brcmsmac bcma`

`sudo modprobe wl`

Ikigoma, anza na `sudo dkms status`; DKMS ndiyo inayojenga moduli. Neno `installed` ni salama. Likiwa `added` tu, moduli haijajengwa, na mara nyingi ni kwa sababu headers za kerneli hazipo. Ujenzi ukifeli, soma `/var/lib/dkms/broadcom-sta/6.30.223.271/build/make.log`; kosa la kwanza ndilo la maana, yanayofuata ni mkia wake.

Ukiona `Key was rejected by service`

Moduli ni nzima, ila Secure Boot (ulinzi unaokubali programu zenye saini inayotambulika tu) imeikataa kwa sababu haiutambui ufunguo wake. Sajili ufunguo:

`sudo mokutil --import /var/lib/dkms/mok.pub`

Weka nywila ya muda ya herufi na tarakimu za kawaida, kwa kuwa skrini inayofuata hufuata kibodi ya Kimarekani. Washa upya, kwenye skrini ya buluu bonyeza kitufe chochote haraka, maana husubiri sekunde 10 tu, kisha Enroll MOK, Continue, Yes, nywila, Reboot. Ikikupita, rudia `mokutil`.

WiFi ikishawaka lakini mtandao wako mmoja hauonekani, angalia ruta: BCM43142 hushika GHz 2.4 pekee, ya GHz 5 haitaiona kamwe.