Kujaribu pafyumu ya viungo na miti mwilini kabla hujailipia

Pafyumu zenye karafuu, mdalasini, udi au sandali haziamuliwi dukani. Pale kaunta unanusa spiriti na iliki. Mti wenyewe unajitokeza saa kadhaa baadaye. Tabora ya Septemba na Oktoba, jua kali na hewa kavu, harufu ya mwanzo inapeperuka upesi zaidi na viungo vinapanda mapema.

Hatua ya 1: Andaa ngozi. Oga kwa sabuni isiyo na harufu kali. Ngozi kavu haishiki manukato, kwa hiyo paka mafuta ya mgando yasiyonukia, kiasi cha punje ya harage kwa mkono mmoja, usubiri dakika 10. Kama umetoka kushika majani ya tumbaku au kupuliza jiko la mkaa, ahirisha. Harufu hizo zinajichanganya na za miti na utashindwa kuzitenganisha.

Hatua ya 2: Puliza mara moja. Tuseme saa 2 asubuhi. Lenga ndani ya mkono, kati ya kiwiko na kiganja, chupa ikiwa umbali wa sentimita 15 hivi. Mkono mmoja, pafyumu moja. Usisugue, utaharakisha mwanzo uishe. Pafyumu ya mafuta haina spiriti, hivyo tone moja linatosha, nayo huanza polepole.

Hatua ya 3: Saa 2 na robo. Spiriti imeshakauka. Utasikia bergamoti (tunda la jamii ya ndimu na chungwa), chungwa, pilipili manga, iliki: molekuli nyepesi, ndizo za kwanza kuondoka. Muuzaji angependa ulipe sasa hivi. Usilipe.

Hatua ya 4: Saa 3 hadi saa 5. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Karafuu ina eujenoli, kitu kilekile kinachotumika kwenye tiba ya meno, na ikizidi mkono wako utanukia kliniki. Usiikatae bado. Rudi baada ya saa moja: kama karafuu imeshuka na utamu wa vanila au ubani umeipokea, mchanganyiko umepangwa vizuri. Kama imeng'ang'ania vilevile, ndivyo itakavyobaki, achana nayo. Mdalasini angalia kwa sababu nyingine. Ukiona muwasho au vipele, osha kwa sabuni mara moja na usiijaribu tena pafyumu hiyo, maana mdalasini na karafuu vyote vinaweza kuleta mzio wa ngozi.

Hatua ya 5: Saa 8 mchana. Sogeza pua karibu kabisa na ngozi. Mwerezi ni mkavu, harufu ya penseli iliyotoka kuchongwa. Sandali ni laini, ina umaziwa. Pachuli, majani yanayonukia, ina harufu ya udongo. Hii ndiyo utakayokaa nayo mpaka jioni, na kwa maoni yetu ndiyo unayoinunua hasa.

Ukidhani imepotea, mara nyingi ni pua imezoea. Toka nje dakika 10, au mwombe mtu mwingine anuse. Kunusa kahawa ili kuzindua pua hakuna ulazima, hewa safi inatosha. Kuna harufu za miti zinazotengenezwa maabara pia, kama Iso E Super, ambayo pua nyingine huisikia ikija na kupotea.

Jaribu na kwenye kitambaa: hakina joto la mwili, kwa hiyo miti hudumu hata kesho yake. Ila ya mafuta usiguse nayo kanzu nyeupe, doa lake halitoki kirahisi. Kwa pafyumu zinazouzwa kwa kupimiwa, anza na mililita 10.